Mama Madoa na Tumbo la Kifungo

Ukimpelekea Mama Madoa shati lako, usihangaike kumweleza ulikula nini. Atakueleza yeye. Atalinyanyua kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota panya, atalipeleka mlangoni penye mwanga, atalitazama kwa jicho moja, kisha atasema, "Mchuzi. Wa juzi. Na ulijaribu kuufuta kwa maji ya moto, ukaupika mpaka ukaiva." Mteja akikana, anaoneshwa ukingo wa doa, rangi yake, na jinsi lilivyozama kwenye nyuzi. Wengi hukiri kabla ya kuandikiwa risiti.

Jina hilo hakujipa mwenyewe, na hakuna anayelitamka akiwa karibu. Ana miaka hamsini na minane. Sabuni imemchubua viganja hadi mistari yake imefutika. Alianza na shuka za hospitali, akazifua miaka saba, na anasema huko ndiko alikoona kila kitu ambacho mwili wa binadamu unaweza kutoa. Kisha akafungua kazi yake mwenyewe katika vyumba viwili vya mbele vya nyumba yake. Kimoja kina mabeseni sita ya saruji yaliyopangwa safu moja. Kingine kina meza ya pasi na rafu za nguo zilizokunjwa. Huu ni mwaka wa thelathini na moja.

Katika miaka hiyo amejifunza kudharau watu kwa utaratibu, kama wengine wanavyojifunza kushona. Anawadharau wanaojifutia midomo kwa mikono ya mashati. Anawadharau mabwana harusi, kwa sababu suti zao hurudi na keki mifukoni. Wanaosema "hilo doa si langu" hana hata jina la kuwaita. Madobi wenzake ndio anaowadharau kuliko wote. Wao, anasema, hufua ili nguo itoke uchafu, wakaridhika hapo.

Kufua kwake hakuishii hapo. Nguo ikishasuuzwa mara mbili huingia beseni la sita, lenye dawa ya kulainisha nguo, ile nzito ya rangi ya waridi. Kwenye chupa imeandikwa kifuniko kimoja kwa beseni. Yeye hutia vitatu. Halafu nguo haigusi maji matupu tena: inakamuliwa, inaanikwa, inapigwa pasi na harufu yake yote. Mtu aliyevaa shati la kwake akikupita barabarani, pua inakuambia limetoka kwa nani. "Nguo isiyonukia haijafuliwa," husema. "Imeloweshwa tu."

Basi huyu ndiye mwanamke ambaye mumewe alimletea mtoto wa mbwa.

Mume ni mstaafu wa kiwanda cha uchapaji. Mitambo ilimla masikio, ikambakishia robo ya usikivu, na kiwanda kikamuaga kwa cheti chenye fremu. Tangu hapo alikuwa akikaa kwenye kigoda mlangoni mwa chumba cha pasi, akiuliza saa ngapi. Jumatatu moja alitoka bila kusema aendako, akarudi jioni na koti lililovimba kifuani.

"Hicho nini?" aliuliza Mama Madoa.

"Mbwa."

"Mbwa namwona, nimeona masikio. Nauliza hicho kilicholowesha koti."

"Kajikojolea, maskini. Njia ilikuwa ndefu."

Alikuwa wa wiki tisa, rangi ya udongo, tumbo kama chungu kidogo, na pua nyeusi ya mviringo iliyokaa usoni kama kifungo cha koti. Mume akamwita Kifungo. Mama Madoa hakumwita chochote. Alitoa masharti: atakaa uani, hataingia penye nguo, na siku atakapogusa shuka la mteja watatoka wote wawili, yeye na aliyemleta.

Jumatano Kifungo alikuwa chini ya meza ya pasi, ndani ya kapu la nguo, juu ya blanketi la sufu lililokunjwa mara nne. Blanketi lilikuwa limefuliwa kwa mikono ya Mama Madoa mwenyewe na kupitishwa beseni la sita.

"Uani kuna viroboto," alisema, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Mpiga pasi alicheka. Huyu ni mama mnene mwenye sauti ya kupasua vikombe, ana miaka kumi na miwili katika chumba hicho, na hafukuzwi kwa sababu moja tu: hakuna mwingine anayeweza kunyoosha sketi ya marinda bila rinda moja kwenda kombo. "Viroboto, bosi," alisema. "Mimi nimewaona wakipita na mizigo yao."

"Piga pasi."

Alhamisi asubuhi Kifungo aliharisha. Aliharisha ndani ya kapu, kando ya kapu, na juu ya rundo la foronya za nyumba ya wageni. Mama Madoa alizitazama foronya zile, akamtazama mbwa aliyekuwa anatetemeka miguu ya nyuma, na sharti lake la Jumatatu likapita kimya kimya bila kukumbushwa na mtu. Alizifua foronya upya. Akamfuta mbwa kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu, taratibu, huku akimtukana.

Siku tatu zilizofuata zilikuwa za waganga. Wa kwanza alikuwa wifi yake, dada mkubwa wa mume, anayeishi chumba cha nyuma na anayejua dawa ya kila ugonjwa ambao hajawahi kuugua. Wifi alisema ni jicho la watu. Baadaye akasema ni meno yanaota. Mume yeye alionekana akienda jikoni mara nyingi kuliko kawaida kwa mtu anayedai hana njaa. Kifungo aliendelea kuharisha, mara nne kwa siku, mara tano, maji yenye povu.

Jumapili baada ya chakula cha mchana Mama Madoa aliitisha kesi. Alitandika gazeti juu ya meza, akapanga juu yake vitambaa vitano alivyokuwa amevitumia kumfutia mbwa tangu Ijumaa, vyote vikiwa vimekauka. Mume na wifi waliketi upande wa pili.

"Hiki cha Ijumaa asubuhi. Oneni ukingo wake. Mweupe, unanata, umekakamaa. Hayo ni maziwa. Maziwa ya ng'ombe yamepita ndani ya huyu mnyama kama yalivyoingia. Nani?"

Wifi alimtazama kaka yake.

"Hizi chembe nazo ni biskuti. Ile ya duara yenye tangawizi, ambayo katika nyumba hii anakula mtu mmoja. Nani?"

"Alikuwa ananitazama," alisema mume.

"Hata mimi nakutazama, mbona hunipi biskuti? Haya, hiki cha jana. Cheusi. Wifi, huu mkaa ulijisaga wenyewe ukajirusha kwenye bakuli?"

Wifi alijitia hamnazo kwanza, kisha akajibu kwa hasira ya mtu aliyeonewa. "Mkaa unanyonya sumu, wifi. Hata hospitali wanautumia."

"Umewahi kulazwa hospitali gani?"

"Sijawahi kuugua, namshukuru Mungu."

"Na wewe ndiye unatibu."

Aliwapa vidonge vyao wote wawili, wakavimeza. Mume aliambiwa kwamba mtu aliyeshindwa kusikia mtambo wa tani nne asijifanye anasikia tumbo la mbwa. Wifi aliambiwa arudi chumbani kwake akajitibu ulimi. Walipoondoka, Mama Madoa alikunja gazeti lile na ushahidi wake akiwa ameridhika kabisa. Alikuwa sahihi kuhusu maziwa, biskuti na mkaa. Kosa likashika mizizi hapohapo, kwa sababu hakuna kitu kinachompumbaza mtu wa namna yake kama kuwa sahihi mara tatu mfululizo.

Maziwa yalikoma. Biskuti zilifungiwa kabatini. Mkaa ulirudi jikoni. Kifungo hakupona.

Jumatatu walimpeleka kwa daktari wa mifugo, mitaa miwili kutoka pale: chumba kimoja chenye meza ya chuma na mizani, na nje yake benchi refu la kusubiria. Daktari alikuwa binti wa miaka kama ishirini na saba, mpole, mwenye koti jeupe. Mama Madoa hakumtazama uso. Alitazama koti.

"Wino mfukoni," alisema. "Na hapo kiwikoni ni aidini. Umelifua pamoja na nguo nyingine, ndiyo maana imetambaa."

"Ni kweli, mama," alisema daktari akicheka, na akamnyanyua Kifungo kumweka kwenye mizani. Kilo tatu na gramu mia mbili. Alimfungua mdomo akabonyeza fizi. Alivuta ngozi ya shingo, akaiachia, akatazama inavyorudi mahali pake. Akampa dawa ya minyoo, akachukua kinyesi cha kupima, akaandika chakula: wali mweupe na kuku wa kuchemsha asiye na ngozi wala mfupa wala chumvi, kidogo kidogo, mara nne kwa siku. Na maji ya chumvi na sukari, yale ya pakiti ya dukani.

"Kuna kitu kingine anachotia mdomoni?" aliuliza, kalamu ikiwa tayari. "Viatu, plastiki, sabuni, dawa za kufulia? Watoto wa mbwa wanalamba kila kitu."

"Mwanangu, unajua unaongea na nani? Nyumbani kwangu nzi akitaka kutua anajipangusa miguu kwanza."

"Kwa hiyo hakuna."

"Hakuna."

Daktari akaandika *hakuna*. Njiani kurudi Mama Madoa alimwambia mumewe, kwa sauti ya kutosha watu wa dukani kugeuka, kwamba mtu asiyeweza kutunza koti moja hawezi kutunza tumbo la mtu mwingine.

Alhamisi majibu yalitoka: hakuna minyoo, hakuna vijidudu. Mizani ilisema kilo tatu kamili. Daktari alikuna kichwa, akaongeza dawa ya kutuliza tumbo, akasema warudi Alhamisi inayofuata, au mapema akizidiwa.

Hapo Mama Madoa aliamua kwamba kama sayansi imeshindwa, usafi hautashindwa. Alichemsha bakuli la mbwa kila asubuhi. Kuku alinunua kwa muuzaji mwingine, baada ya kumwambia wa kwanza mbele ya wateja wake kwamba anauza mizoga. Na blanketi akalifua mara mbili kwa siku. Alikuwa na mablanketi mawili ya sufu yanayofanana, moja likianikwa jingine likiwa ndani ya kapu, yote yamepita beseni la sita, yakiwa laini kama mashavu ya mtoto. Kifungo aliyapenda. Aliposinzia alikamata pembe ya blanketi, akaiingiza mdomoni, akainyonya akikanyagakanyaga kwa miguu ya mbele kama yuko kwa mama yake. Mama Madoa alikuwa akimwona. Kuna nyakati alisimama na ndoo mkononi akimtazama mpaka mpiga pasi akakohoa. Hakumsimulia mtu, maana mtu mwenye kudharau watu wote wanaobusu mbwa hawezi kuanza kusimulia mambo kama hayo.

Jumamosi bomba kuu la mtaa lilipasuka. Kufumba na kufumbua mabeseni sita yalikuwa makavu. Wateja walirudishwa na mafurushi yao mlangoni. Maji ya kunywa na kupikia yalitoka kwenye mapipa ya akiba, na Mama Madoa alikataa kufua kwa maji ya kupima kwa kikombe. Blanketi la kwanza lilikuwa limechafuka, la pili likachafuka kabla ya saa nne. Hakukuwa na la tatu. Mume alitoka stoo na gunia la viazi, kuukuu, lenye vumbi la miaka.

"Hilo?" alisema Mama Madoa.

"Unasema?"

"Nasema hilo linafaa kufungia takataka!"

"Basi alale sakafuni?"

Kifungo alilala kwenye gunia. Mama Madoa alipita mbele ya kapu lile siku mbili akigeuza uso, kama mtu aliyepitishwa mbele ya ndugu aliyelewa. Jumamosi jioni mbwa aliharisha mara moja tu. Jumapili hakuharisha. Alikula wali wake wote, akalamba bakuli, akamfukuza mume wa watu kuzunguka meza akimng'ata kamba za viatu, na mchana akatoa kitu ambacho, bila kukisifia kupita kiasi, kilikuwa na umbo.

"Dawa ya daktari imefanya kazi," alisema mume.

"Kuku wangu ndiye aliyefanya kazi," alisema Mama Madoa. Wifi, kwenye chumba cha nyuma, alisema alimwombea.

Jumatatu alfajiri maji yalirudi. Mama Madoa alilitupa gunia kwenye pipa la taka kwa mkono wake, akayafua mablanketi yote mawili, na kwa furaha ya mgonjwa kupata nafuu akatia kwenye beseni la sita vifuniko vinne. Jumanne Kifungo aliharisha mara saba. Jumatano alitapika povu, akalala ubavu, akawa hanyanyui kichwa hata kijiko kilipogongwa kwenye bakuli. Mbavu zilianza kuhesabika.

"Gunia," alisema Mama Madoa, akitembea huku na huku katika chumba cha pasi. "Nilisema mimi. Mmemlaza kwenye vumbi, mmemletea maradhi mapya juu ya ya zamani. Na yule binti na dawa zake. Na huyu wifi na maombi yake. Nyumba nzima mnamuua kwa zamu."

Mpiga pasi aliisimamisha pasi wima. Si jambo analolifanya mara nyingi.

"Bosi, mimi sikusoma."

"Tunajua."

"Ila kuhesabu siku najua. Jumamosi hakuna maji, mtoto kapata nafuu. Jumapili hakuna maji, mtoto kacheza. Jumatatu maji yamerudi, umefua. Jana kaharisha. Leo katapika. Sasa kati yako na gunia, nani anamuua?"

"Umesema nini?"

"Umenisikia. Masikio mabovu ni ya mzee, siyo yako."

Kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na miwili Mama Madoa hakusema "piga pasi." Alichukua blanketi kutoka chini ya mbwa, akamfunika mbwa kwa taulo kavu la zamani, akaenda chumba cha mabeseni na kufunga mlango.

Alichofanya humo ni kazi ya dobi. Alichota maji matupu kwenye bakuli jeupe, akaichovya pembe ya blanketi, akaifinya mara tatu. Maji yakawa na ukungu kama yametiwa tone la maziwa. Akayasugua kati ya vidole: yanateleza. Madobi wa zamani, wale waliomfundisha kazi hospitalini, walikuwa na kipimo kingine cha kujua kama nguo imesuuzwa, na hakuwa amekitumia tangu awe na biashara yake, kwa sababu aliona ni cha watu wasiojiamini. Aliigusa pembe ile kwa ncha ya ulimi. Ilikuwa chungu, na uchungu wake ulibaki. Ndipo akaligeuza blanketi akaliona vizuri: nyuzi zimekakamaa kwa mate, zimetafunwa, pembe moja, kisha pembe ya pili, kisha ya tatu. Yeye anayeweza kukuambia ulikula nini juzi alikuwa amezikunja pembe zile kwa wiki mbili bila kuzisoma.

Alitoka akampikia mbwa wali. Hakumwambia mtu.

Ungetarajia aseme. Alikuwa na mchana mzima wa kusema. Badala yake alijiambia kwamba blanketi limeondolewa, basi yamekwisha, mbwa atapona, na sifa atapewa kuku. Ni hesabu nzuri kwa mtu anayelinda jina lake. Ila tumbo la mbwa halikuwa na habari na jina la mtu. Alhamisi asubuhi Kifungo alikuwa bado amelala ubavu, macho nusu wazi, na mume alipomnyanyua kumwingiza kwenye koti, shingo ililegea.

Walikwenda watatu: mume, Mama Madoa, na wifi aliyesema hawezi kubaki nyumbani roho ikiwa juu. Kwenye benchi la nje walikuta watu wanne, mmoja wao mwalimu mkuu wa shule ya jirani, mteja wa miaka kumi, akiwa na paka ndani ya kikapu. Walipitishwa mbele. Mlango wa chumba cha daktari ulikuwa na pazia tu.

Kilo mbili na gramu mia saba. Daktari alivuta ngozi ya shingo, nayo ikabaki imesimama kama kitambaa kilichofinywa. Hakucheka safari hii.

"Hali si nzuri," alisema. "Amepoteza maji mengi. Nitamwekea dripu sasa hivi. Lakini lazima nijue ninatibu nini. Minyoo hana. Chakula mmebadilisha. Dawa niliyompa ingekuwa imeshasaidia. Kilichobaki kwenye orodha yangu ni magonjwa mabaya ya kuambukiza, na dawa zake ni kali. Kwa uzito huu zinaweza kummaliza zenyewe." Akawatazama mmoja mmoja. "Nawaomba mfikirie tena. Hakuna kitu kingine alichotia mdomoni?"

Mama Madoa aliangalia meza ya chuma.

"Ni mimi," alisema mume.

Wote wakamgeukia. Alikuwa ameshika koti tupu kwa mikono miwili. "Nilimpa maziwa. Siku tatu. Na biskuti. Mke wangu alinikataza, nami nikampa tena Jumapili ile ya gunia, nusu biskuti, kwa sababu alikuwa amechangamka. Nimemuua mimi, daktari. Andika hivyo."

Daktari aliinua kalamu. Wifi alimshika kaka yake begani. Ilikuwa njia nyeupe, imefagiliwa, na Mama Madoa hakutakiwa kufanya lolote zaidi ya kuendelea kunyamaza.

"Siyo wewe," alisema.

"Unasema?"

"Nimesema siyo wewe."

"Sisikii, mke wangu. Ongea."

Akaongea. Hakuna namna ya kumnong'oneza mtu aliyeliwa masikio na mitambo ya chapa. Alivuta pumzi akapaza sauti ile anayoitumia kuwaita watu kutoka upande wa pili wa barabara. "SIYO WEWE! NI MIMI! NI DAWA YANGU YA NGUO! ANANYONYA BLANKETI, NA MIMI SISUUZI!"

Nje ya pazia benchi lililia, kana kwamba watu wanne wameinama mbele kwa pamoja.

Daktari hakushangaa wala hakutabasamu, na Mama Madoa alilitambua hilo, kwa kuwa yeye angetabasamu. "Unatia kiasi gani?"

"Vifuniko vitatu. Jumatatu vinne."

"Na hulisuuzi kabisa baada ya hapo?"

"Binti, nimeshasema mbele ya mji mzima. Unataka nikuimbie?"

"Hapana, mama. Umenisaidia sana." Akaweka kando chupa ya dawa kali aliyokuwa ameshaitoa, akaanza kutafuta mshipa kwenye mguu mwembamba wa mbele. Alieleza huku akifanya kazi: dawa ile inachoma utando wa tumbo na utumbo, mnyama mdogo akiimeza kila siku hapati nafasi ya kupona. Hakuahidi kitu. Alisema huenda ndiyo sababu yote, huenda ni sehemu, wataona kabla ya jioni.

Waliketi pale hadi saa tisa. Wifi, ambaye alikuwa na haki ya kusema mengi, alijitahidi kujizuia hadi saa tano. "Kumbe mkaa wangu ulikuwa unajaribu kuinyonya sumu yako," alisema. Mama Madoa alilichukua koti la mumewe akalikunja. Mume alikuwa amelala akiwa ameketi, kidevu kifuani, kidole kimoja kikiwa ndani ya kizimba cha waya alimolazwa mbwa. Saa nane na nusu Kifungo alikilamba kidole hicho.

Alirudi nyumbani na masharti ya daktari: wali na kuku, dawa ya kulinda tumbo kabla ya kila mlo, na kitambaa cha kulalia kilichosuuzwa kwa maji matupu mara tatu. Mama Madoa alikisuuza mara tisa. Kilipokauka alikinusa, akakunja uso. Hakikunuka kitu chochote. Kwa macho yake kilikuwa ni kitambaa kilicholoweshwa tu, nacho kililala katikati ya chumba chake cha pasi, mbele ya wateja. Watu wa benchi lile hawakufunga midomo: mwalimu mkuu alileta mapazia ya shule akauliza, kwa adabu zote, kama watoto wakiyalamba itakuwaje. Alijibiwa kwamba shule inayofundisha watoto kulamba mapazia ina tatizo ambalo dobi hawezi kuliondoa. Vifuniko vikabaki vitatu kwa wateja. Hakuna aliyetarajia ageuke malaika.

Siku ya kwanza Kifungo aliharisha mara tatu. Siku ya pili, moja. Siku ya tatu alisimama. Siku ya nne mume alimwona mkewe akizunguka uani ameinama, mikono mgongoni, akimfuata mbwa hatua kwa hatua kama mkaguzi wa barabara.

Siku ya sita, asubuhi, ilitokea kando ya kamba za kuanikia. Mama Madoa alichuchumaa. Alitazama upande mmoja, akazunguka, akatazama upande wa pili. Kisha akamwita, kwa jina alilopewa na wazazi wake, mwanamke ambaye kwa miaka kumi na miwili hakuwahi kumwita ila kwa amri.

Mpiga pasi alitokea mlangoni, jasho usoni. "Nimeacha sketi katikati ya rinda, bosi. Kuna nini?"

"Njoo uangalie."

"Niangalie nini? Hicho?"

"Hicho."

Akaja. Akainama kwa shida, mikono magotini. Walikitazama wote wawili: cha kahawia, kimekauka vizuri, kimejikunja chenyewe bila kuacha alama kwenye saruji. Kifungo alikuwa ameshakwenda zake, anavuta ncha ya shuka la nyumba ya wageni kutoka kwenye kamba.

"Kizuri," alisema mpiga pasi.

"Sikukuuliza kama ni kizuri. Nimekuonesha."

"Nimeona, bosi."

"Umeona. Basi." Mama Madoa alibaki amechuchumaa kidogo zaidi ya ilivyohitajika, akitafuta kitu cha kuzolea, na shuka la mteja likaanguka lote chini bila yeye kugeuka.